Aliyepaswa Kusimama

Suna, Migori
Jumapili, 9 Juni 2024

Shemeji Bitutu,

Pokea salamu za nyumba hii yote. Sisi tuko, tunasukuma siku. Filister wangu bado yuko na nguo zake za mtumba pale stendi na amesema nisipokusalimia kwa jina lake nisirudi mezani. Goti langu la kulia limekataa ngazi kabisa, kwa hivyo kazi za juu nimeachia vijana, mimi nachomelea mageti hapa chini nikiwa nimekaa. Phanice wetu amejifungua msichana, wote wazima. Alikuja jua likiwa limeshazama, basi ni Adhiambo, hatukusumbuka kutafuta jina.

Nakuandikia kwa sababu simu huchukui. Sijalalamika, nasema tu.

Kamati ya Tamasha la Ngome ilikaa juzi. Wanasema watu wamezoea kuona ndugu wawili wakiigiza vita pale kwenye boma la mawe, miaka kumi na miwili Willis akisimama na mimi nikianguka, na kwamba sasa Willis hayupo, aliyebaki ndiye asimame. Wamepata kijana wa kuanguka. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilichoka kukataa.

Kwa hivyo naomba, Mokua akija soko la Rodi na vitunguu vyake, umpe ile kofia ya manyoya ya mbuni na ile ngao ya Willis. Yangu ni zile pembe za mvamizi, haziwezi kuvaliwa na kiongozi wa boma. Ni vifaa vya mchezo tu, usiviwazie sana. Desemba ikipita nitavirudisha.

Ni mimi shemeji yako,
Nicanor


Rodi Kopany
Jumapili, 30 Juni 2024

Shemeji Nicanor,

Tumeamka, Mungu asifiwe. Hongera kwa mjukuu. Mwambie Phanice anywe uji wa wimbi na asikubali wageni wambebe mtoto kila dakika. Teresa wangu yuko chuoni Kisumu, anasomea uuguzi, anapiga simu akiishiwa. Maharagwe ya mwaka huu mvua imeyalaza yote, nimeng'oa majani tu.

Ni kweli simu yako sichukui. Kila nikikuuliza lile swali langu, mtandao wako unakatika. Karatasi haina mtandao. Na tuandikiane kwa Kiswahili hivi hivi, ndicho tulichoanza nacho siku ile ulipomsindikiza Willis kwetu Kisii na hujui hata kusema asante kwa lugha yetu, na Shangazi yenu Achieng hawezi kukisoma.

Sasa nikueleze ulichofanya. Mokua wako ni mtu mzuri lakini hana breki. Alifika hapa Shangazi akiwa barazani anabambua karanga. Hakungoja hata kukaa. Alisema kwa ile sauti yake ya soko kwamba Nicanor ameomba kofia na ngao ya Willis, anataka kushika nafasi yake. Shangazi aliweka ungo chini akapiga vigelegele. Mwanamke wa miaka themanini na mbili, Nicanor. Kufikia jioni nyumba tatu zilikuwa zimesikia, na Ijumaa wazee wawili wa ukoo walikuja kuniuliza umechagua siku gani.

Wewe umezaliwa ndani ya mila hii, mimi nimeolewa nayo tu, na bado ni mimi ninayekukumbusha. Mdogo wa marehemu akiomba vazi la marehemu kutoka mikononi mwa mjane, hajaomba vazi. Nilikataa kurithiwa siku ya mazishi, mbele ya kila mtu, na mwishowe waliniacha. Sasa yote yameanza upya. Nina miaka hamsini na sita na nimechoka kusema hapana.

Swali langu ni lile lile. Kila mwaka wewe ndiye huanguka. Desemba ile akaanguka Willis, asiinuke tena. Mimi nilikuwa kanisani, ilikuwa Sabato, lakini kila aliyekuwa uwanjani amenieleza hivyo. Kwa nini mlibadilishana? Alikuambia nini? Tangu mazishi hujakanyaga boma hili, na mtu asiye na neno hawezi kukaa mbali hivyo.

Kofia na ngao viko hapa. Sivitoi.

Bitutu


Suna
Jumapili, 4 Agosti 2024

Shemeji,

Nisamehe kuchelewa. Kulikuwa na geti la shule, halafu umeme ukapotea siku nne, halafu Filister akashikwa na malaria. Amepona, ila bado hana nguvu, sahani moja ya ugali anaipigania nusu saa.

Kuhusu Shangazi nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Walahi sikufikiri. Nilifikiri manyoya na ngozi, basi. Nilimpigia nikamwambia ni mambo ya tamasha, si mambo ya nyumba. Alicheka akaniambia mwanamume huanza kwa kusingizia. Nikimwambia hapana anasikia ndiyo. Filister naye amesikia habari hizo kutoka stendi kabla sijamwambia, na kwa siku mbili alinipakulia chakula bila kuniangalia.

Hilo swali lako, shemeji, siku ile mambo yalikuwa mengi. Jua lilikuwa kali, wageni walichelewa saa mbili nzima, sote tulikuwa tumechoka. Willis pia alikuwa amechoka. Mengine nimeshasahau. Daktari alisema ni moyo, na moyo haungoji mtu awe amesimama au amelala.

Msalimie Teresa. Mwambie akiishiwa anipigie hata mimi.

Nicanor


Rodi Kopany
Jumapili, 18 Agosti 2024

Shemeji,

Pole kwa Filister. Mpe supu ya samaki, ugali atautaka mwenyewe.

Hukusahau. Wewe unakumbuka bei ya kila geti ulilotengeneza tangu niolewe ukooni kwenu.

Shangazi ameleta kiti. Kiti cha mikono, cha mti, kimepakwa mafuta. Amekiweka sebuleni mwangu upande wa Willis na kusema kisikaliwe na mtu ila wewe. Kila nikifagia nakizunguka. Nilikitoa nje Jumatatu, Jumanne nikakikuta ndani.

Nijibu.

Bitutu


Suna
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Shemeji Bitutu,

Habari za siku. Hapa ni wazima, isipokuwa mimi, na mimi si mgonjwa, nimechoka tu. Filister amerudi stendi. Mjukuu ameanza kucheka, anacheka hata na geti.

Barua yako ya kiti niliisoma nikaikunja, nikaifungua tena, nikaikunja. Wiki saba nimekuwa nikisema nitajibu kesho.

Nilienda kwa kamati nikawaambia sitasimama. Mwenyekiti akanikalisha, akaniagizia soda, akanionyesha bango. Wameshalichapisha. Picha yangu, na chini yake wameandika "Ndugu Aliyebaki". Nilimuuliza ni nani aliyewaruhusu. Akasema walidhani nitafurahi.

Nitakuambia ukweli kidogo. Sikuomba kofia kwa sababu ya kamati pekee. Nilitaka nisimame pale nikiwa nimevaa vitu vyake, ule muda wa kusema ukifika, niseme maneno mengine. Si yale ya kila mwaka. Nilidhani nikiyabadilisha, kitu fulani kitatulia. Ndiyo maana nilikubali ile mara ya tatu.

Asubuhi ile tulikuwa ndani ya hema la kuvalia. Willis alikuwa amekaa juu ya mtungi wa maji anafunga njuga mguuni, na alifunga, akafungua, akafunga tena. Akaniita.

Filister ananiita, kuna mteja. Nitamalizia.

Nicanor


Rodi Kopany
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Shemeji,

Ni wazima. Teresa alikuja siku mbili akalala usingizi wa wiki mbili.

Hakuna mteja, Nicanor. Ni Jumapili, Suna yote wamefunga, na wewe hujawahi kufungua karakana Jumapili maisha yako yote.

Nakuelewa kuliko unavyofikiri. Sikuulizi ili nikuchukie. Mwaka ukikaribia kwisha na mtu hujui kwa nini mumeo alilala chini wakati alipaswa kusimama, huwezi kuweka kikombe mezani vizuri. Unaosha sufuria, unaiuliza sufuria. Naomba na hata maombi yangu yanachoka katikati.

Wazee walikuja tena. Nimewaambia wangoje Desemba ipite. Hilo ni kosa langu, nilitaka tu waondoke, lakini wao wamelichukua kuwa ni ahadi kwamba nitakubali kurithiwa. Shangazi amenunua kuku.

Vaa, usivae, hayo ni yako na kamati. Mimi niambie alichokuita kukuambia.

Bitutu


Suna
Jumapili, 17 Novemba 2024

Bitutu,

Leo sitaanza na habari za nyumbani kwa sababu nikianza nazo nitaishia nazo.

Alikuwa juu ya ule mtungi. Alisema, "Nicanor, leo wacha mimi nianguke. Nataka kulala chini kidogo."

Hayo ndiyo maneno. Nilicheka. Nilimwambia amezeeka, kwamba mwakani tutamletea godoro. Yeye pia alitabasamu. Sikumuuliza kama anaumwa. Nilimwona amelowa jasho nikafikiri ni hema, maana hata mimi nilikuwa nimelowa. Hatukubadilishana hata kofia, emsii alikuwa ameshatuita mara mbili. Tulitoka hivyo, yeye na manyoya yake ya kiongozi, mimi na pembe zangu.

Tulizunguka kama kawaida. Nilipoinua mkuki yeye akaanguka, na watu wakashtuka kwanza, kisha wakacheka, kwa sababu hawajawahi kuona kiongozi akianguka. Walipenda sana. Nilimpita nikasimama kando ya kichwa chake nikiwa nimewaelekea wageni, ili nijisifu jinsi mshindi anavyojisifu. Unayajua maneno yale. Willis amenitupia miaka kumi na miwili mbele ya Filister, na Filister alikuwa akirusha kitambaa akicheka. Siku ile yalinijia mdomoni bila kuyaita.

Nilisema, "Ng'ombe wako nimeswaga, boma lako nimelichukua, na mkeo kuanzia leo atanipikia mimi."

Uwanja ulilipuka. Mgeni wa heshima aliinua mkono akataka nirudie. Nikarudia. Nilirudia yote, Bitutu, na la mwisho nililivuta.

Kisha niliinama nimshike mkono nimwinue, jinsi yeye huniinua. Mkono haukunishika.

Sijui alikufa kabla ya mara ya kwanza au kati ya ile ya kwanza na ya pili. Sikumtazama uso. Nilikuwa natazama watu. Kama alisikia, basi neno la mwisho alilosikia duniani ni mdogo wake akimwambia nimechukua mkeo. Na sasa Shangazi amenunua kuku.

Ndiyo maana sijakanyaga huko. Siku ya mazishi nilisimama nyuma ya trekta hadi mwisho. Ulipowaambia hapana mbele ya kaburi, mimi nilishukuru Mungu kuliko mtu yeyote aliyekuwepo, na hukujua. Halafu mimi huyo huyo nikatuma mtu aje kukuomba vazi lake. Nimejaribu kuelewa akili yangu ilikuwa wapi, sijaipata.

Sina la kuomba. Ulitaka kujua, nami nimekuambia. Ukiamua nisiwe tena shemeji yako nitaelewa. Filister amesoma barua hii kabla sijaifunga. Alilia, halafu akaniambia niende niitume kabla sijaichana.

Nicanor


Rodi Kopany
Jumatano, 27 Novemba 2024

Shemeji yangu Nicanor,

Barua yako nimekaa nayo siku sita. Kwanza habari. Sisi ni wazima. Teresa amefaulu mtihani wake. Mwambie Filister namshukuru kwa kukusukuma mlangoni.

Sasa yangu. Nilikuambia nilikuwa kanisani. Nimemwambia kila mtu hivyo, hata Teresa, hata Mungu nimejaribu kumwambia hivyo. Sikuwa kanisani.

Miaka kumi na miwili Willis alinisihi nije nimwone akisimama. Kila mwaka tamasha lao liko Jumamosi, na mimi ndiye kiongozi wa mashemasi wanawake. Ningesimamaje mbele ya wenzangu? Yeye Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka alikuwa haoni tatizo liko wapi. Asubuhi ile alikunywa chai nusu kikombe, akasema amechoka, na alivyotoka mlangoni moyo wangu ukanisuta. Shule ya Sabato ilipokwisha niliwaambia akina mama naenda kumtazama mgonjwa. Nilitembea hadi kwenye boma la mawe na Biblia yangu ndani ya leso.

Nilisimama upande wa mashariki, nyuma ya wauza miwa. Na ni akina nani niliowaona hapo, hatua kumi kutoka kwangu? Wazee wawili wa kanisa letu, nao wametoroka, mmoja anatafuna muwa. Nikavuta leso usoni wasinione. Nina hakika nao walikuwa wakijificha wasionwe, kama mimi.

Nilikuja kumwona akisimama, nikamwona akianguka. Nilijua saa ile ile kwamba si mchezo wenu wa kila mwaka, kwa sababu hadithi hiyo nimesimuliwa mezani hadi nimeichoka. Lakini alianguka upande wangu, Nicanor. Wewe uliwaelekea wageni, yeye alinielekea mimi. Maneno yako niliyasikia, kipaza sauti kilikuwa juu ya kichwa changu.

Uliposema mkeo atanipikia mimi, Willis alicheka. Nilimwona. Macho yamefumbwa na meno yote nje, na tumbo linatikisika, ile namna yake ya kucheka akiwa hataki mtu ajue. Nami nilicheka ndani ya leso. Neno lako lilimchekesha. Hilo lichukue, ni lako, usiliachie mtu.

Kisha ukarudia. Mara ya pili hakucheka. Mdomo ulibaki wazi vile vile, lakini tumbo lilisimama. Hakuna mtu uwanjani aliyekuwa mahali pa kuona ila mimi. Nimelala kando ya mtu huyo miaka ishirini na tisa, najua tumbo lake linavyopanda na kushuka. Nilijua.

Na sikuita. Ningeita, wale wazee wangegeuka. Nilijiambia ngoja kidogo, labda anavuta pumzi, labda Nicanor atainama sasa hivi. Nilingoja wewe umalize kurudia. Nilingoja watu wamalize kupiga makofi. Ulipoinama na watu wakaanza kukimbia, nilirudi kanisani kwa njia ya nyuma, nikakaa mahali pangu, ili wanipate hapo wakija kuniambia. Walinipata hapo. Niliangua kilio, na kilikuwa kilio cha kweli, lakini nilikuwa nimekisubiri robo saa.

Huo ndio upande wangu. Wewe hukujua, ukasema. Mimi nilijua, nikanyamaza. Nilipokuwa nikikuuliza mwaka mzima alikuambia nini, nilikuwa natafuta mtu wa kumtwisha. Nilitumaini utaniambia ulimlazimisha. Nisamehe hilo.

Sabato iliyopita nilisimama kanisani nikasema, yote, hata la leso. Wale wazee wawili walitazama viatu vyao. Mama mmoja aliuliza kama nataka kupumzika na kazi ya ushemasi nikasema ndiyo. Nilifika nyumbani nikamwambia Shangazi pia, kwa Kijaluo, taratibu, pamoja na maneno uliyosema uwanjani. Yeye akasema mtu hawezi kuingia nyumba aliyoichukua kwa utani mbele ya maiti, akanyanyuka mwenyewe, akakibeba kile kiti akaenda nacho kwake. Nilitaka kumsaidia akakataa. Kuku tulimpika jioni ile, tukala wawili.

Kofia na ngao nimewakabidhi kamati mikononi mwao, mbele ya chifu, na nimewaambia wamvishe mtu asiye wa ukoo wetu. Bango ni lao, watajua la kufanya nalo.

Tarehe kumi na nne watakapokuwa wakipigana huko, wewe usiende. Njoo hapa, na Filister, na mtoto kama Phanice atakubali. Nitapika mimi, na hakuna mtu atakayesema neno. Nimekuwa nikimwona Willis peke yangu mwaka mzima, nami sikuwahi kumsogelea. Wewe ndiye uliyemshika mkono mara ya mwisho. Nataka uniambie kama mkono ulikuwa bado na joto.

Bitutu